Udhibiti wa wadudu waharibifu wa mikorosho

Udhibiti wa wadudu waharibifu wa mikorosho ni jumla ya njia zinazotumika kulinda mkorosho (*Anacardium occidentale*) dhidi ya wadudu wanaofyonza machipukizi, maua na korosho changa au wanaotoboa shina. Njia hizo ni pamoja na kukagua miti, kupogolea, kuchagua mimea ya kupanda karibu, kutunza maadui asilia wa wadudu na kutumia viuatilifu.

Katika Mkoa wa Mtwara, kusini mwa Tanzania, mkorosho ni zao kuu la biashara. Katika miji ya pwani kama Mikindani ni pia mti wa uani, unaotoa kivuli, mabibo ya kula na korosho za kuuza au kukaanga. Mti wa uani una mahitaji tofauti na shamba kubwa. Dawa inayopulizwa juu yake huanguka penye watoto, kuku, kisima na nguo zilizoanikwa. Kwa sababu hiyo udhibiti wa kibiolojia, hasa kwa msaada wa sisimizi waitwao majimoto, una umuhimu wa pekee katika mazingira ya nyumbani.

## Mkorosho na mazingira ya Mikindani

Mikindani ni mji wa kale wa Waswahili kando ya ghuba yenye jina hilohilo, takriban kilomita 10 kutoka Mtwara mjini katika barabara ya kuelekea Lindi. Leo ni sehemu ya Manispaa ya Mtwara-Mikindani. Ndani ya manispaa hiyo ipo pia Naliendele, penye kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI) kinachoongoza utafiti wa korosho nchini.

Mkorosho si mti wa asili ya Afrika. Asili yake ni kaskazini-mashariki mwa Brazil, na Wareno waliuleta katika pwani ya Afrika Mashariki katika karne ya 16. Wadudu wake wakubwa katika Afrika Mashariki, kinyume chake, ni wa Afrika. Walikuwa wakiishi juu ya mimea mingine kabla ya kuuzoea mti huu mgeni. Jambo hilo lina matokeo mawili. Kwanza, wadudu hao hawategemei mkorosho peke yake, kwa hiyo huweza kujificha katika mimea mingine ya uani. Pili, maadui wao wa asili pia wapo tayari katika mazingira hayo.

Mtwara ina msimu mmoja mkuu wa mvua, kuanzia takriban Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Mvua zinapokwisha, mkorosho hutoa machipukizi mapya. Maua huanza takriban Juni au Julai na kuendelea hadi Septemba, na mavuno hufanyika zaidi kati ya Oktoba na Desemba. Wadudu wafyonzaji hufuata kalenda hiyohiyo, kwa kuwa wanahitaji sehemu laini za mti. Miezi kati ya Mei na Septemba ndiyo inayoamua mavuno.

## Wadudu wakuu

### Mbu wa mikorosho

Mbu wa mikorosho ni jina la wadudu wa jenasi *Helopeltis*, hasa *Helopeltis anacardii* na *Helopeltis schoutedeni*. Licha ya jina lao, si mbu wa kweli na hawaumi watu. Ni wa oda ya Hemiptera pamoja na kunguni, na wameitwa mbu kwa sababu ya mwili wao mwembamba, miguu mirefu na papasi ndefu. Mdudu mzima ana urefu usiofika sentimita moja. Alama inayomtambulisha ni kijiti kidogo kama pini kinachosimama juu ya mgongo wake.

Jike hutaga mayai ndani ya tishu laini za machipukizi na vikonyo vya maua. Nyuzi mbili fupi za kila yai hubaki zimejitokeza nje. Mayai yakianguliwa hutoka tunutu, yaani wadudu wachanga wasio na mabawa, ambao hupita hatua tano kabla ya kukomaa. Tunutu na wadudu wazima hula kwa namna moja: huchoma mdomo wao ulio kama sindano, huingiza mate na kufyonza utomvu.

Madhara makubwa hutokana na mate hayo, ambayo huua tishu zinazozunguka kidonda. Baada ya muda mfupi huonekana mabaka meusi au ya kahawia yaliyodidimia kwenye vikonyo vya majani na mashina machanga. Mabaka yakiwa mengi, chipukizi lote hukauka kuanzia nchani. Mti ulioshambuliwa sana huonekana kama umebabuliwa na moto. Kwa kuwa maua hutokea kwenye ncha za machipukizi mapya, kila ncha iliyokauka ni shada la maua lililopotea.

### Kunguni wa minazi

Kunguni wa minazi (*Pseudotheraptus wayi*) ni mkubwa kuliko mbu wa mikorosho. Ana rangi ya kahawia na urefu wa takriban milimita 10 hadi 15. Kama jina lake linavyoonyesha, anajulikana zaidi kwa kushambulia nazi changa, ambazo hudondoka au kukua zikiwa na makovu na umbo baya. Kwenye mkorosho hufyonza korosho ambazo bado ni laini. Zile changa kabisa husinyaa, huwa nyeusi na kuanguka. Zilizokua kidogo huendelea, lakini kiini chake hubaki na madoa meusi ambayo huonekana tu baada ya kubanguliwa. Kwa hiyo mwenye mti anaweza kuvuna korosho nyingi na bado akapata bei ya chini kwa sababu ya ubora.

Kunguni huyu hula pia maembe, mapera na maparachichi. Uani mwa Mikindani, ambako mnazi, mwembe, mpera na mkorosho husimama hatua chache kutoka mmoja hadi mwingine, ana chakula karibu mwaka mzima.

### Bungua wa mikorosho

Bungua (*Mecocorynus loripes*) ni fukusi mwenye rangi ya kahawia iliyoiva. Jike hutaga katika gome la shina au la tawi nene. Lava wake weupe hula chini ya gome na kuelekea ndani ya mti. Dalili zake ni gundi ya kahawia na unga wa mbao uliochanganyika na kinyesi vinavyotoka kwenye vitundu. Lava wakizunguka shina lote, njia ya chakula cha mti hukatika na mti hufa. Mdudu huyu si wa kawaida kama wale wawili wa kwanza, lakini ndiye anayeweza kuua mti mzima.

### Wadudu wengine

Vithiripi, hasa *Selenothrips rubrocinctus*, ni wadudu wadogo sana wanaokaa upande wa chini wa majani, zaidi wakati wa kiangazi. Tunutu wao wana mkanda mwekundu kiunoni. Majani yaliyoshambuliwa hupauka, kisha huwa na rangi ya kutu na kupukutika. Vidung'ata hufunikwa na nta nyeupe kama pamba. Hufyonza utomvu na kutoa umajimaji mtamu ambao huota ukungu mweusi juu ya majani na matunda.

## Kutofautisha wadudu na magonjwa

Makosa mengi katika kulinda mikorosho huanzia kwenye kuchanganya dalili za wadudu na za magonjwa. Ubwiriunga ni ugonjwa wa kuvu unaofunika maua na majani machanga kwa unga mweupe-kijivu. Chule na blaiti pia ni magonjwa ya kuvu, na huacha madoa yanayoweza kufanana na vidonda vya mbu wa mikorosho.

Salfa ya unga, inayotumika sana Mtwara, ni kinga dhidi ya ubwiriunga. Haiwezi kuzuia mbu wa mikorosho wala kunguni wa minazi. Vivyo hivyo, kiuatilifu cha wadudu hakitibu ubwiriunga. Anayepuliza kimoja kwa tatizo la kingine hupoteza fedha, na huku uharibifu unaendelea.

Njia rahisi ya kutofautisha ni kuangalia kwa karibu:

* Unga mweupe unaofutika kwa kidole juu ya maua ni dalili ya ubwiriunga.
* Mabaka marefu yaliyodidimia kwenye kikonyo kichanga, pengine na tone la gundi, ni dalili ya mbu wa mikorosho.
* Korosho changa nyeusi zilizosinyaa huku maua yakiwa safi huelekeza kwa kunguni wa minazi.
* Unga wa mbao na gundi kwenye shina ni dalili ya bungua.

Ukaguzi hufaa kufanywa mapema asubuhi, wakati wadudu bado wamepoa na hawaruki haraka. Machipukizi kadhaa ya kila upande wa mti huangaliwa, kwa kuwa wadudu huweza kuwa wengi upande mmoja tu. Kurudia ukaguzi kila wiki kuanzia machipukizi ya kwanza huonyesha kama idadi inaongezeka au inapungua.

## Historia

Uzalishaji wa korosho Tanzania ulifikia takriban tani 145,000 katika msimu wa 1973/74, kisha ukaanguka hadi chini ya tani 20,000 mwishoni mwa miaka ya 1980. Sababu zilikuwa nyingi. Wakulima wengi walihamishwa mbali na mashamba yao wakati wa Operesheni Vijiji, bei zilikuwa ndogo, na ubwiriunga, uliotambuliwa nchini mwishoni mwa miaka ya 1970, ulienea katika miti isiyopogolewa. Juhudi za kufufua zao hilo zilitegemea salfa, upogoleaji na miche bora kutoka Naliendele. Ugonjwa ulipoanza kudhibitiwa na miti kutoa tena machipukizi na maua mengi, wadudu wafyonzaji waliendelea kuwa tishio la pili.

Ujuzi wa kutumia sisimizi dhidi ya wadudu una historia ndefu zaidi. Nchini China, maandishi yanayohesabiwa kuwa ya mwaka 304 BK yanaeleza jinsi viota vya sisimizi vilivyouzwa sokoni ili kutundikwa katika michungwa. Hao walikuwa *Oecophylla smaragdina*, ndugu wa Kiasia wa majimoto wa Afrika.

Katika Afrika Mashariki uchunguzi muhimu ulifanyika Zanzibar katika miaka ya 1950. Mtaalamu wa wadudu M. J. Way alichunguza kwa nini nazi changa zilikuwa zikidondoka katika baadhi ya mashamba na si katika mengine. Ilionekana kwamba minazi iliyokaliwa na majimoto ilikingwa dhidi ya kunguni, na ile iliyotawaliwa na sisimizi wa aina nyingine haikukingwa. Kunguni huyo alipopewa jina la kisayansi mwaka 1955, aliitwa *wayi* kwa heshima ya mtafiti huyo.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 kuhusu mikorosho ya pwani ya Tanzania ulionyesha kwamba miti yenye majimoto ilikuwa na uharibifu mdogo wa mbu wa mikorosho na wa kunguni wa minazi kuliko miti isiyo nao. Katika muongo huohuo watafiti wa Naliendele, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) na Chuo Kikuu cha Aarhus cha Denmark walichunguza namna ya kupata malkia wa majimoto na kuanzisha makundi mapya.

## Majimoto kama walinzi wa miti

### Maisha yao

Majimoto (*Oecophylla longinoda*), ambao huitwa pia maji ya moto, ni sisimizi wa rangi ya kahawia-nyekundu wanaoishi juu ya miti. Hawana mwiba. Huuma kwa taya na kunyunyiza asidi ya fomiki juu ya kidonda, na mchomo huo ndio asili ya jina lao.

Viota vyao hutengenezwa kwa majani mabichi. Wafanyakazi hushikana na kuvuta kingo za majani hadi zikutane, huku wengine wakibeba lava mdomoni. Lava hao hutoa nyuzi za hariri zinazounganisha majani kama gundi. Kundi moja huwa na malkia mmoja, lakini linaweza kuwa na viota vingi vilivyotawanyika katika miti kadhaa na wafanyakazi wanaofikia mamia ya maelfu.

### Jinsi wanavyolinda

Majimoto huwinda mchana na usiku. Tunutu wa mbu wa mikorosho na wa kunguni wa minazi hawana mabawa, hivyo ni rahisi kukamatwa. Wadudu wazima huweza kuruka, lakini husumbuliwa kiasi cha kushindwa kutulia kula au kutaga. Kwa hiyo kinga haitokani na kuua peke yake. Mti unaopitiwa na sisimizi wakati wote huwa mahali pabaya kwa mdudu anayehitaji dakika kadhaa za utulivu ili afyonze chipukizi.

Kiota kimoja upande mmoja wa mti hakitoshi. Ulinzi huwa mzuri pale ambapo njia za majimoto zinaonekana katika matawi makuu mengi na wafanyakazi wanafika kwenye mashada ya maua.

### Wapinzani wao

Adui mkubwa wa majimoto, mbali na binadamu, ni sisimizi wengine. Sisimizi wenye vichwa vikubwa (*Pheidole megacephala*) hukaa ardhini na chini ya shina, na hupanda mtini kutafuta chakula. Ni wadogo, lakini kwa wingi wao hufukuza au kuua majimoto. Hawana faida ya kutosha dhidi ya mbu wa mikorosho na kunguni wa minazi. Mti uliojaa sisimizi si lazima uwe mti uliolindwa. Cha maana ni aina ya sisimizi.

Utafiti uliofanywa katika michungwa nchini Tanzania na kuchapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba uoto wa chini una nafasi katika ushindani huo. Ardhi ilipobaki tupu, sisimizi wenye vichwa vikubwa walitawala miti mingi. Majani na magugu mafupi yalipoachwa, sisimizi hao walipata chakula chao chini, na majimoto waliweza kurudi mitini. Katika miji ya pwani matokeo hayo yanagongana na desturi ya kufagia uwanja hadi ubaki mchanga mtupu. Uwanja safi mbele ya nyumba hupendeza na huzuia nyoka, lakini duara la majani mafupi lililoachwa chini ya mkorosho wa nyuma ya nyumba linaweza kuwasaidia majimoto kubaki juu ya mti.

### Kuhamisha na kutunza makundi

Majimoto huweza kuletwa katika mti usio nao kwa kuhamisha viota. Hatua zinazofuatwa kwa kawaida ni hizi:

1. Kuchunguza mti unaopelekewa. Kama una sisimizi wenye vichwa vikubwa, hao hupunguzwa kwanza. Chambo chenye hidrametilnoni kimewahi kutumika kwa kazi hiyo nchini. Chambo hufaa zaidi kuliko kupuliza, kwa sababu hubebwa hadi kiotani.
2. Kuchagua viota vya kundi moja. Makundi tofauti hupigana hadi kufa. Njia ya kupima ni kuweka wafanyakazi wachache wa kiota kimoja karibu na wa kingine. Wakipigana, viota hivyo si vya kundi moja.
3. Kukata mapema asubuhi. Wakati huo wafanyakazi wengi wamo ndani. Tawi dogo lenye kiota hukatwa na kuingizwa mara moja katika mfuko unaofungwa vizuri.
4. Kutundika katika kivuli cha matawi. Mfuko hufunguliwa juu ya mti mpya, na sisimizi hutoka wenyewe na kuanza kujenga.
5. Kuunganisha miti. Kamba iliyofungwa kutoka mti mmoja hadi mwingine huwawezesha majimoto wa kundi moja kupita bila kushuka ardhini, ambako hukutana na wapinzani.

Jambo gumu ni malkia. Viota vilivyohamishwa bila yeye huweza kufanya kazi kwa miezi kadhaa, kisha wafanyakazi hupungua na kwisha. Kiota chake kwa kawaida hakitofautiani sana na vingine, na mara nyingi kiko juu kwenye majani mengi. Hiyo ndiyo sababu ya watafiti kujaribu kukusanya malkia wachanga wakati wanaporuka kujamiiana katika msimu wa mvua na kuwalea hadi wawe na kundi.

Katika miezi ya uhaba wa mawindo, mabaki ya samaki na maji yenye sukari yaliyowekwa juu ya tawi husaidia kundi lisihame. Mchungwa, mlimau, mwembe na mnazi ni miti ambayo majimoto huipenda, kwa hiyo uwepo wake karibu na mkorosho huwapa makao mbadala pale mkorosho unapopukutisha majani.

## Mbinu nyingine

Kupogolea. Baada ya mavuno hukatwa matawi makavu, yanayogusa ardhi na yaliyosongamana. Mwanga na hewa hupunguza ubwiriunga, na ukaguzi huwa rahisi. Penye majimoto, matawi yenye viota hubakizwa.

Maotea. Machipukizi yanayotoka chini ya shina huwa laini hata wakati machipukizi ya juu yamekomaa. Huwapa mbu wa mikorosho chakula nje ya msimu, hivyo hukatwa.

Mimea jirani. Mbaazi, pamba, viazi vitamu na mipera ni miongoni mwa mimea inayoweza kulisha mbu wa mikorosho. Kutoipanda chini ya mkorosho hupunguza idadi ya wadudu wanaosubiri machipukizi mapya. Mwembe pia unaweza kuwahifadhi, lakini ni nadra mtu kukata mwembe wa uani kwa sababu hiyo. Badala yake, mti huo hukaguliwa pamoja na mkorosho.

Kuwatoa bungua kwa mkono. Gome lililooza hufunguliwa kwa kisu na lava hutolewa na kuuawa. Fukusi wazima huokotwa kwenye shina. Mti ambao umekwisha kuzungukwa hukatwa na kuchomwa ili wadudu waliomo wasihamie mti wa jirani.

Mwarobaini. Dondoo la mbegu au majani ya mwarobaini, mti ulioenea pwani, lina azadiraktini ambayo huvuruga ulaji wa wadudu na kujivua kwao ngozi. Hufanya kazi zaidi kwa tunutu kuliko kwa wadudu wazima na huharibika upesi juani, kwa hiyo huhitaji kurudiwa.

## Viuatilifu

Kiuatilifu kinachojulikana sana dhidi ya mbu wa mikorosho nchini ni lambda-sihalothrini, cha kundi la pairethroidi. Huua haraka na kwa kipimo kidogo. Hakichagui: huua pia nyuki na nzi wanaochavusha maua, majimoto na maadui wengine wa wadudu. Ni sumu kali kwa samaki, jambo la kuzingatiwa katika mji ambao nyua zake huteremka hadi ufuoni. Baada ya kupuliza, wadudu waharibifu wanaorudi kutoka mimea jirani huweza kuongezeka upesi kwa sababu walinzi hawapo.

Viuatilifu vinavyoruhusiwa Tanzania husajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA). Penye haja ya kupuliza, kanuni kuu ni hizi:

* Kupuliza pale tu ukaguzi unapoonyesha kwamba wadudu wapo na wanaongezeka, si kwa kufuata tarehe.
* Kuepuka saa ambazo nyuki wako kwenye maua na wakati wa upepo mkali wa bahari.
* Kufunika visima na matangi, kuondoa nguo na vyombo, na kuwaweka watoto na mifugo mbali.
* Kuvaa nguo ndefu, glavu, kinga ya macho na barakoa.
* Kufuata kipimo na muda wa kusubiri ulioandikwa kwenye lebo.
* Kutohifadhi dawa katika chupa za maji au soda.

Muda wa kusubiri ni muhimu zaidi nyumbani kuliko katika shamba la biashara. Kiini cha korosho kimefunikwa na ganda gumu, lakini bibo huliwa lenyewe, mara nyingi papo hapo chini ya mti, au hukamuliwa kutengeneza juisi na pombe iitwayo uraka. Chochote kilichobaki juu ya ngozi yake huliwa pamoja nalo.

## Faida na mipaka ya udhibiti wa kibiolojia

Lawama kubwa dhidi ya majimoto ni kwamba wanauma. Wakwezi wa minazi na wachumaji wa maembe na machungwa huwachukia, na watu wengi huchoma viota vyao. Kwa mkorosho tatizo hilo ni dogo kuliko kwa miti mingine, kwa sababu korosho haichumwi mtini. Bibo lililoiva huanguka pamoja na korosho yake, na mavuno huokotwa chini. Wakati wa kupogolea, watu hujipaka majivu mikononi na miguuni ili sisimizi wasipande kwa urahisi.

Majimoto hulinda pia baadhi ya vidung'ata na vidugamba kwa sababu hunywa umajimaji wao mtamu, kwa hiyo wadudu hao wanaweza kuongezeka kidogo penye sisimizi. Katika mazao mengine imeonekana kwamba uwepo wao unaweza kuwatisha wachavushaji. Hawazuii ubwiriunga, chule wala blaiti. Mwenye mti mwenye majimoto bado anahitaji kupogolea na kushughulikia magonjwa ya kuvu.

Udhibiti wa kibiolojia hauendi vizuri pia pale ambapo majirani hawakubaliani. Kundi moja la majimoto huweza kuishi katika miti ya nyua tatu au nne, na malkia akiwa katika mwembe wa jirani, moto mmoja au dawa moja inayopulizwa huko huondoa ulinzi wa nyua zote. Mbu wa mikorosho nao huruka juu ya ukuta bila shida. Kwa sababu hiyo katika maeneo ya makazi mafanikio hutegemea makubaliano ya mtaa kuhusu miti ipi iachiwe majimoto, nani atapuliza, lini, na kwa dawa gani, kama vile yanavyotegemea ujuzi wa mwenye mti mmoja.